Jiwe Moja la Nyumba ya Bibi Umbe

Hapo zamani, na msinikunjie uso, maana zamani hiyo mabati yalikuwepo na simu zilikuwepo, palikuwa na mji uitwao Endasoya, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina sungura wala jini. Mwisho wake sitausema mimi, mtausema nyinyi, kwa hiyo asiyetaka kazi aondoke sasa hivi, asije akanilalamikia baadaye.

Mji ule ulikuwa na desturi moja. Mtu akifa kwa kosa la mwenzake, si kwa kusudi, kwa kosa tu, mwenye kosa huokota jiwe pale pale penye msiba. Hulibeba mikononi mchana kweupe mpaka kwa mama wa marehemu, akaliweka miguuni pake na kulisema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Mama akilipokea jiwe, mwenye kosa anakuwa mtoto wa nyumba ile. Analima shamba la nyumba ile, anateka maji ya nyumba ile, na siku ya mama ikifika, yeye ndiye anayemzika. Na kosa limekwisha. Halitajwi tena kisimani, halitajwi kilabuni, halitajwi hata watu wakigombana. Lakini msiba mmoja una jiwe moja. Likishapokelewa, mwingine yeyote akija na lake anarudishwa njiani, maana mama hawezi kulizwa kila kukicha. Mmelishika hilo? Lishikeni, tutalirudia.

Basi huko Endasoya alizaliwa msichana, Basilisa. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na ndugu mkubwa wa baba yake, Mzee Boay, mtu mrefu, mwenye koti moja la sufu alilolivaa jua na mvua. Kwa Mzee Boay alipata malezi, lakini maziwa aliyapata zaidi nyumba ya pili, kwa Bibi Umbe, mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, Matle. Basilisa na Matle walichunga ndama pamoja, wakapigwa fimbo moja kwa ndama waliopotea, wakala sahani moja. Watu walidhani ni ndugu, na wenyewe hawakuwasahihisha.

Basilisa akasoma. Akasoma mpaka watu wakachoka kuuliza anasoma nini. Aliporudi, alirudi na gari, mafundi wawili, na masanduku yenye mashine za kusikiliza ardhi. Akawa mtaalamu wa matetemeko.

Mkutano wa kwanza ulijaa. Mwenyekiti wa kitongoji, Tarmo, mwenye sauti kubwa na roho ya kupenda mambo yaonekane safi, alifungua kwa sala na kufunga kwa pongezi. Katikati watu wakauliza swali moja tu, wakaliuliza kwa namna zote.

"Lini?" wakauliza. "Dokta, ardhi itatikisika lini?"

"Siku siijui," Basilisa akasema. "Wala hakuna aijuaye. Atakayewatajia siku ni tapeli, msimpe hata maji. Mimi natafuta mahali. Ardhi ikipasuka mara moja, inaacha kovu, na mara nyingi hupasuka tena kwenye kovu lile lile. Nikilijua kovu linapita wapi, nitawaambia msijenge juu yake. Na ardhi ikianza kutikisika, tokeni nje mkae penye uwazi."

Watu wakaguna. Kutoka mbali kote huko, kusoma kote huko, na siku haijui. Mzee mmoja wa nyuma akasema hata kuku wake hujua mvua. Wakacheka, na Basilisa akacheka nao, ila masikio yalimwaka moto.

Kazi ikaanza. Walichimba handaki la kwanza upande wa kisima, refu, kuta zake wima, kama kaburi la jitu. Basilisa akashuka ndani na mwiko na brashi, akasafisha ukuta wa handaki, na tabaka za udongo zikajitokeza moja juu ya nyingine, nyekundu, nyeusi, kijivu. Akawaita watu waje waone. Zile tabaka zilikuwa kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, halafu mtu akazikata kwa kisu, upande mmoja ukateremka. Pale palipokatwa ndipo penye kovu. Mafundi wakachukua vipande vya mkaa wa kale kutoka kwenye tabaka, wakapime umri wake, wajue ardhi ilipasuka enzi zipi. Hata mzee wa kuku alishuka akagusa, akapanda kimya.

Handaki la pili wakachimba upande wa kanisani. Kovu likaonekana tena.

Handaki la tatu lilitakiwa kuwa katikati, maana kovu la ardhi si lazima liende moja kwa moja, linaweza kukunja, linaweza kuruka pembeni na kuendelea. Na katikati palikuwa nyuma ya zizi la Mzee Boay, penye rundo kubwa la mawe lililoota majani.

Basilisa akaenda kwa baba yake mkubwa, akapiga magoti, akaomba.

"Hapo hapachimbwi," Mzee Boay akasema.

"Kwa nini, baba mkubwa?"

"Wamelala babu zako."

"Tutachimba pembeni kidogo, hatutagusa mawe."

"Mwanangu," Mzee akasema, na akalifunga koti lake vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali, "nimekulea. Sijawahi kukuomba kitu. Sasa nakuomba. Usichimbe hapo, na usiniulize mara ya pili."

Mngefanya nini nyinyi? Usijibu wewe, najua wewe ungechimba. Basilisa hakuchimba. Akarudi kwa mafundi wake. Njiani alipanga kuwaambia ukweli, kwamba ukoo wake umekataa, watafute namna nyingine, wamtume mzee mwingine akaombe. Lakini alikuwa amewaambia njia nzima kwamba Endasoya ni kwao, kwamba kwao hawatapata kikwazo. Alipowakuta wamekaa juu ya masepetu wakimsubiri, akaona haya kulisema.

"Hakuna haja," akasema. "Mahandaki mawili yanatosha. Yanaelekeana."

Akachora ramani. Kwa watu wa kazi ile, mstari mzima una maana yake: hapa nimechimba, nimeona. Mstari wa vipande vipande una maana yake: hapa nakisia. Na alama ya kuuliza ina maana yake: hapa hata kukisia nakisia kwa woga. Basilisa akachora mstari mzima kisimani, mstari mzima kanisani, na katikati akaweka vipande na alama ya kuuliza. Ramani yake ilikuwa ya kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu atakuja kulisema mwenyewe, na mtapima kama linamsaidia.

Mkutano wa pili ramani ikatundikwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Mzee Boay alikaa mbele na koti lake, kifua mbele, akimsikiliza mtoto aliyemlea. Bibi Umbe alikaa naye mbele. Matle alikuwa pale na mkewe, Felista, mfinyanzi, mwanamke wa maneno machache ambaye vyungu vyake vilipikiwa katika nusu ya nyumba za mji ule. Nyumba ya Matle na Felista ilikuwa karibu na kisima, ndani ya eneo lililokatazwa.

Felista akasimama. "Wifi," akasema, "sisi tukihama, tuna kipande kule karibu na mfereji, juu kidogo ya zizi la Mzee Boay. Tukijenga pale ni salama?"

Basilisa akaitazama ramani. Pale palikuwa penye vipande. Pale palikuwa jirani kabisa na alama ya kuuliza. Jibu lake lilikuwa neno moja, sijui, na alikuwa nalo mdomoni.

Nyuma yule mzee wa kuku akasema, si kwa ubaya, kwa utani tu, "Hilo nalo atalijua? Au na hilo hakuna aijuaye?"

Watu wakacheka. Mzee Boay hakucheka, akainamisha kichwa. Basilisa alikiona kile kichwa kikiinama.

"Ni salama, wifi," akasema. "Jengeni pale."

Basi. Ni neno dogo, halina hata uzito wa punje. Watu wakapiga makofi, Mwenyekiti Tarmo akafunga mkutano kwa pongezi, na Basilisa akaondoka siku ile ile kabla ya chakula, akisema ana haraka.

Sasa Tarmo. Kabla hajaondoka, Basilisa alikuwa amemwachia kazi: apange mawe ya chokaa ardhini kufuata ramani, mawe yaliyobanana penye mstari mzima, na penye vipande aache mapengo mapana, na kibao kinachosema hapa hapajulikani. Tarmo akapanga. Akasimama kilimani akatazama. Mstari ulikuwa mzuri kisimani, mzuri kanisani, na katikati umekatika kama meno ya kizee. Watu wakapita wakauliza, ardhi gani hiyo inayopasuka na kupumzika? Wengine wakaanza kuyatazama yale mapengo kwa macho ya kujenga. Tarmo akaona aibu na akaona hatari, vyote pamoja. Akaongeza mawe. Akaunga mstari kutoka kisimani mpaka kanisani, mnyoofu, mweupe, unapendeza. Kibao akakiweka stoo. Mstari wake ukapita upande wa chini wa zizi la Mzee Boay, mbali na kipande cha Felista. Yeyote aliyeutazama aliona wazi kwamba kipande kile kiko nje, upande mwema.

Katika mji mzima waliohama walikuwa nyumba moja. Wengine walisema watahama baada ya mavuno, na mavuno yakaja yakapita. Matle na Felista wakahama. Watu wakawatania, wakawaita watoto wa shule. Bibi Umbe alikataa kuhama nao, akabaki katika nyumba ya zamani pale kisimani, akasema yeye na ardhi ile wamezoeana. Matle akajenga nyumba mpya ya matofali, bati jipya, na kila mgeni alipokuja alimwambia, "Hii ndiyo nyumba ya salama. Amesema dada yangu."

Ukapita muda. Siku moja asubuhi, ng'ombe wakiwa bado wanakamuliwa, ardhi ikatikisika.

Haikutikisika sana kama mnavyofikiri. Nyumba nyingi zilisimama, mabati yakalia, mbuzi wakalala chini. Lakini kovu lilifunguka. Matle alikuwa uani anafunga kamba ya ndama. Jirani yake alimwona. Alimwona akiinua kichwa, akimwacha ndama, akakimbia. Hakukimbilia penye uwazi kama alivyofundishwa. Alikimbilia ndani, akimwita mkewe, ambaye alikuwa kwenye machimbo ya udongo na hakumsikia. "Felista, ingia ndani, huku ndiko salama." Nyumba ikamwangukia. Jirani aliyasikia maneno hayo, akayarudia msibani, na wakati anayarudia Basilisa alikuwa amesimama mlangoni, amefika kutoka safarini, bado ana vumbi la barabara. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa na adabu. Ingekuwa afadhali wangemtukana.

Baada ya maziko alifanya kazi yake, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. Kazi ya mtu wa matetemeko baada ya tetemeko ni kuufuata ufa kwa miguu, na futi ya kupimia mkononi, aone umepita wapi. Akaanza kisimani. Ufa ulipita pale pale alipochora, na nyumba ya zamani ya Matle, ile waliyoikimbia, ilikuwa hatua chache tu pembeni yake, imesimama, na Bibi Umbe ndani yake mzima. Akaufuata. Alipofika katikati, mawe ya chokaa ya Tarmo yakaenda moja kwa moja, na ufa ukakunja kulia. Ukapanda. Ukapasua zizi la Mzee Boay, ukapita chini ya rundo la mawe, ukapita mfereji, ukaingia sebuleni kwa Matle. Basilisa akasimama pale na futi yake. Aliona haya hata ya kuandika namba.

Aliporudi chini alimkuta Mzee Boay kwenye rundo la mawe. Mawe yalikuwa yametumbukia kwenye ufa, na chini yake hapakuwa na mfupa hata mmoja.

"Hamna mtu hapa," Basilisa akasema.

"Hamna," Mzee akasema. Hakuwa amevaa koti. Bila koti alikuwa mwembamba sana. "Enzi za baba yangu ardhi ilifunguka hapa ikameza zizi lake na ng'ombe wote. Watu wakasema ardhi imetukataa. Hakuna aliyeoa kwetu, hakuna aliyetuoza, kisimani tuliteka maji wa mwisho. Baba akaufukia ufa, akarundika mawe, akasema ni makaburi. Waliojua wakafa. Nikabaki mimi. Nilitaka wewe utembee katika mji huu bila kunyooshewa kidole. Ungechimba, ungeuona, na ungewaita watu waje waone kama ulivyofanya kisimani."

Basilisa akainama akautazama ufa. Aliufikiria ukuta wa handaki ambalo hakulichimba, jinsi ambavyo lingemwonyesha kila kitu kabla ya chakula cha mchana.

Sasa lile jiwe. Mnalikumbuka?

Kulipopambazuka vizuri Basilisa alikwenda kwenye magofu ya nyumba mpya kuokota jiwe. Alikuwa amewaza usiku kucha mpaka akaamua, na moyoni, na mimi sifichi, palikuwa na kitu kama njaa. Akilibeba jiwe, atasema, atalia, atapokelewa, atakuwa mtoto wa Bibi Umbe kama alivyokuwa utotoni, na lile neno salama halitatajwa tena duniani. Aliinama kwenye msingi uliovunjika, akashika jiwe. Alipoinua kichwa, Mzee Boay alikuwa anapanda njiani na fimbo yake. Nyuma yake Mwenyekiti Tarmo, amevaa shati la mkutano.

"Liache, mwanangu," Mzee akasema. "Hilo ni langu."

"Samahani, Mzee," Tarmo akasema, na mara hii sauti yake haikuwa kubwa, "nimekuja kwa hilo hilo."

Wakabishana pale juu ya magofu, watu wazima watatu, kila mmoja akigombania aibu yake kama watu wanavyogombania urithi. Basilisa hakuliachia. Akashuka nalo, na wale wawili wakamfuata, wakiendelea kunung'unika, mpaka kwa Bibi Umbe. Akaliweka miguuni pake. Bibi alikuwa amekaa juu ya kigoda, kanga nyeusi kichwani, mikono mapajani.

"Semeni," Bibi Umbe akasema. "Aliyeanza kukosa aanze."

Mzee Boay akasema, "Jiwe ni langu. Mimi nilijua ufa ulipo. Katika mji wote ni mimi peke yangu niliyejua, nikamwona mwanao anajenga karibu na rundo langu, nikampelekea hata maji ya kufyatulia matofali, nikanyamaza. Hawa wengine walikosea kwa kutojua. Mimi nilijua. Nilifikiri ardhi imeshakula, imeshiba. Niliificha aibu ya ukoo wangu, na kumbe nimeificha chini ya nyumba yako."

Basilisa akasema, "Jiwe ni langu. Baba mkubwa alinyamaza, lakini yeye hakuulizwa na Matle. Mimi niliulizwa. Felista alisimama mbele ya watu akaniuliza mimi, na kwenye ramani yangu nilikuwa nimeandika kwamba sijui. Mkono wangu ulisema kweli na mdomo wangu ukasema uongo, kwa sababu watu walicheka. Matle hakuisoma ramani. Matle alinisikia mimi. Alikufa na neno langu mdomoni. Bibi, nimekunywa maziwa ya nyumba hii."

Tarmo akasema, "Jiwe ni langu. Neno la Dokta lilisemwa mara moja, likapita. Mawe yangu yalikaa pale kila siku, jua na mvua, yakisema uongo. Niliambiwa niache mapengo, nikayaziba. Niliambiwa niweke kibao, nikakiweka stoo. Na Matle alikuja kwangu, hili hamlijui, alikuja kabla ya kuchimba msingi akaniuliza, Mwenyekiti, una hakika? Nikamshika mkono nikampeleka kilimani nikamwonyesha mstari. Nilisema, tazama mwenyewe ulivyonyooka. Nilikuwa nauonea fahari."

Kuku wakapita kati yao. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, Felista akatoka. Tangu msiba alikuwa hajasema neno na mtu. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa anaendelea kufinyanga vyungu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Akapiga magoti pembeni ya wale watatu.

"Mama," akasema, "jiwe ni langu."

Bibi Umbe akamgeukia. Hilo hakulitegemea, ilionekana usoni.

"Ukuta wa chumbani ulikuwa na ufa," Felista akasema. "Tangu mwezi wa kwanza tulipohamia. Mwembamba, nikaukandika udongo. Ukarudi, nikaukandika tena. Kila ulipojitokeza nilikandika, Matle akiwa malishoni. Nilijua yanipasa nimwambie. Nilijua yanipasa nimpigie simu wifi aje aone. Lakini mji mzima ulikuwa unatucheka kwamba tumehama kwa kuogopa mstari, nikaona nikisema nyumba mpya ina ufa, watacheka mpaka lini? Mimi ni mfinyanzi. Niliona haya kuwa na ukuta mbovu. Nikauziba, nikaulainisha, nikaupaka rangi."

"Felista," Basilisa akasema taratibu, "ufa ule huenda ulikuwa wa udongo kukauka tu. Nyumba mpya zote zina nyufa."

"Huenda?" Felista akasema.

"Sijui," Basilisa akasema. Ndiyo mara yake ya kwanza kulijibu swali la Felista kwa neno lile, na lilikuwa limechelewa sana.

Bibi Umbe akawatazama mmoja mmoja. Mzee aliyejua akanyamaza. Mwanamke asiyejua akasema anajua. Kiongozi aliyeambiwa kuna pengo akaliziba. Mke aliyeuona ufa kila siku akaupaka rangi. Na jiwe chini, moja, lina chokaa upande mmoja na udongo wa sebuleni upande wa pili.

"Mmekuja wote," akasema Bibi Umbe, "na kila mmoja anasema nipe mimi, nipe mimi. Nimewasikiliza. Sijasikia hata mmoja anayekuja kunibebea msiba wangu. Mmekuja nyote niwatue wa kwenu." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Haya. Msiba ni mmoja na jiwe ni moja. Nikilipokea kwa mmoja, huyo atalala usiku, na watatu watatembea na aibu yao mpaka kaburini, na mimi sitaruhusiwa hata kuwasemesha juu yake. Nikimpa mwanamke huyu, nitakuwa nimekubali mbele ya mji kwamba mkwe wangu ndiye aliyemuua mwanangu. Nikimnyima, hana mtoto, hana mume, desturi itamrudisha kwao. Nikimpa Basilisa, napata mtoto niliyemnywesha maziwa. Nikimpa Boay, nimempa aliyejua. Nikimpa Tarmo, nimempa aliyeambiwa. Nipeni muda."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Jiwe likabaki uani. Basilisa alibaki amepiga magoti mbele yake mpaka magoti yakafa ganzi, na kila aliyepita njiani kwenda kisimani alitazama pembeni, kwa adabu ile ile.

Mimi mwisho wangu ni hapo. Nimewaambia tangu mwanzo kazi iliyobaki ni yenu, na msinitazame mimi, mimi sikuwepo mkutanoni. Semeni wenyewe, na kila mmoja atoe sababu yake kabla ya kumkatiza mwenzake. Mama yuko ndani, mlango umefungwa, lakini anasikiliza. Je, kati ya wale wanne, nani alistahili kupokelewa jiwe lile?